Kofia ya viua: sindano iliyotuliza nyoyo, kutoka Unguja hadi Rusayl

Msafiri anayetoka Muscat kwa barabara ya kwenda Nizwa hana budi kupita Rusayl. Hapo ndipo tambarare ya pwani inapokutana na vilima, na njia ya kale ya Bonde la Sumail, iliyopitwa na misafara ya ngamia kwa karne nyingi, inapoanza kuelekea Oman ya ndani. Tangu miaka ya 1980 jina la Rusayl limekuwa jina la viwanda. Eneo la viwanda lililojengwa hapo lilikuwa la kwanza la aina yake nchini, na mwaka 2003 kukafunguliwa huko huko Knowledge Oasis Muscat, mtaa wa makampuni ya teknolojia. Ni mahali pa mitambo, malori na wafanyakazi wa zamu, wengi wao kutoka Bara Hindi.

Lakini asubuhi, makarani na mafundi wa Kiomani wanapoingia kazini humo, kichwani wamevaa kitu ambacho asili yake si kiwanda. Waomani wanakiita kumma. Kwa msikilizaji wa Unguja, Lamu au Mombasa ni kofia tu, tena kofia ya viua: kitambaa cheupe kilichodariziwa kwa mkono, chenye mamia ya vitundu vidogo ambavyo kila kimoja kimezungushiwa uzi hadi kikawa mfano wa ua. Wengi wa wanaoeleza historia ya mavazi ya Oman wanakubaliana kwamba kofia hii ilifika huko kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, na hasa Zanzibar.

Historia ya kofia hiyo aghalabu husimuliwa kama habari ya vazi na biashara. Ipo historia nyingine, ambayo haikuandikwa sana kwa sababu iliishi majumbani, juu ya mikeka, mikononi mwa watu ambao hawakuulizwa. Nayo ni historia ya kile ambacho kushona kofia kulimfanyia mshonaji mwenyewe.

Kwanza inafaa kueleza kazi yenyewe. Kofia ina sehemu mbili, nazo ni kipande kirefu kinachozunguka kichwa, na kipande cha duara kinachofunika juu. Kitambaa hukunjwa pande mbili ili kiwe na nguvu. Mchoro huchorwa kwa penseli, nao huweza kuwa nyota, majani, misalaba midogo ya maua, au mistari inayopandana kama mawimbi. Kisha sindano hutoboa, uzi hupita, tundu huvutwa likafunguka, na ukingo wake hufungwa kwa mishono iliyobanana. Baada ya hapo mshonaji huhamia tundu la pili, halafu la tatu. Kofia nzuri huchukua wiki kadhaa, na iliyo nzuri zaidi huchukua miezi. Ikishafuliwa na kutiwa wanga hukaushwa juu ya bakuli au chombo cha duara ili isipoteze umbo lake.

Katika kazi hii hakuna njia ya mkato. Mshonaji akiwaza mengine, viua hupishana ukubwa, na safu ya chini hukataa kukutana na safu ya juu pale kofia inapofungwa duara. Kosa la leo huonekana baada ya mwezi. Kwa hiyo mkono hulazimika kuwa mahali pamoja na jicho, na jicho kuwa mahali pamoja na moyo. Walimu wa madrasa wa pwani wana neno la hali hiyo wanapofundisha sala: kuhudhurisha moyo. Maana yake ni kwamba mtu asiwe amesimama hapa ilhali fikira zake zipo sokoni. Katika vitabu vya dini hali ya unyenyekevu na utulivu inayotokana na hayo huitwa khushui. Hakuna mwanamke wa Malindi ya Unguja au wa Pangani aliyedai kwamba kushona kofia ni ibada, lakini mazoezi ya akili ni ya ukoo mmoja.

Hapa inafaa pia kulitazama neno jingine, neno kujipenda. Siku hizi, katika vitabu vya ushauri vinavyotoka Ulaya na Marekani, kujipenda huelezwa kama hisia ya ndani, mtu kujikubali na kujisamehe. Kiswahili cha pwani kina maana iliyo karibu zaidi na mwili. Ikisemwa kwamba fulani anajipenda, maana yake ni kwamba ni nadhifu, nguo zake zimepigwa pasi, kofia yake ni nyeupe na harufu yake ni ya udi. Mtu asiyejipenda ni yule aliyejiachilia. Wazee wanapomwona mtu ameanza kujiachilia baada ya msiba, hushtuka, kwani wanajua kwamba mchafuko wa nje ni habari ya mchafuko wa ndani. Kwa maana hiyo kofia ni chombo cha kujipenda mara mbili, kwa anayeivaa na kwa anayeishona.

Mfungamano wa Oman na Zanzibar ni wa zamani, na hauhitaji kurudiwa wote. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hadi 1856, alihamishia makao yake Unguja, na baada ya kifo chake mirathi iligawanywa mwaka 1861, Muscat ikawa mbali na Zanzibar mbali. Watu hawakugawanyika kwa urahisi huo. Wamanga, kama walivyoitwa Unguja na Pemba, waliendelea kuja na pepo za msimu, wengine matajiri wa karafuu, wengi wakiwa wachuuzi maskini wa vijijini waliokimbia ukame wa Oman ya ndani. Walioa, walizaa, na watoto wao wakaota ndoto kwa Kiswahili.

Binti mmoja wa Seyyid Said alituachia ushahidi wa namna kazi ya mkono inavyomshika mtu. Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, alikulia miongoni mwa wanawake waliopitisha sehemu ya siku kwa kazi za sindano. Yeye mwenyewe alitaka zaidi ya hayo. Wasichana hawakufundishwa kuandika, kwa hiyo alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani mfupa huo ndio uliokuwa ubao wa siku zile. Baadaye aliondoka Zanzibar, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Mume wake alikufa kwa ajali mwaka 1870, akabaki mjane na watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi, akijikimu kwa kufundisha lugha. Katika upweke huo alianza kuandika maisha yake, kwanza kwa ajili ya watoto wake tu, na kitabu chake kilichapishwa Berlin mwaka 1886. Wasomi wamekisoma kama hati ya siasa na mila. Ni haki pia kukisoma kama kazi ya mtu aliyekuwa akijishona upya, ukurasa baada ya ukurasa, kwa ufundi alioupata kwa siri utotoni.

Miaka zaidi ya sabini na tano baada ya kitabu hicho, upweke wa namna ile uliwafikia maelfu. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi. Wengi waliuawa, wengine walifungwa au kunyang'anywa mali, na meli na majahazi yakawachukua waliobaki wakaenda Bara, Mombasa, Dubai, Cairo, Uingereza. Oman yenyewe, chini ya Sultan Said bin Taimur, haikuwafungulia wengi mlango. Uliofunguka ni wa mwanawe. Sultan Qaboos alishika madaraka tarehe 23 Julai 1970 na akawaita Waomani walioko ng'ambo warudi kuijenga nchi. Ilikuwa nchi yenye skuli tatu tu za kisasa, tena za wavulana, na kilomita chache za barabara ya lami. Uwanja wa ndege wa Seeb, usio mbali na Rusayl, ulifunguliwa mwaka 1973, na waliorudi walikuwa miongoni mwa walioutumia mapema.

Walirudi mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kupaona. Waliozungumza Kiingereza na kuwa na vyeti walipata kazi haraka, katika kampuni ya mafuta, katika polisi, hospitalini na katika wizara mpya. Hata hivyo Kiarabu chao kilikuwa cha kubabaika au hakikuwapo kabisa. Unguja waliitwa Wamanga, watu wa Manga, yaani wageni. Walipofika Manga yenyewe wakaitwa Wazanzibari. Mtafiti wa Kifaransa Marc Valeri, katika makala aliyoichapisha mwaka 2007 katika jarida la African Affairs, ameeleza jinsi jamii hii ilivyoendelea kutafuta nafasi yake katika taifa jipya, ikihitajika kwa elimu yake na kutiliwa shaka kwa asili yake.

Kwa mwanamume aliyekuwa na ofisi ya kwenda, mashaka hayo yalikuwa na dawa ya kazi. Mke wake na mama yake walibaki nyumbani, katika mtaa ambao jirani hasikilizani nao, katika joto ambalo Unguja halijulikani, bila mkarafuu, bila baraza na bila ndugu walioachwa ng'ambo ya bahari. Wengi walikuwa wamebeba huzuni za 1964 ambazo hazikuwa zikizungumzwa mbele ya watoto. Walikuwa pia na sindano. Ufundi ni mzigo usiopimwa forodhani, na kofia ya viua ilisafiri nao.

Jambo la ajabu lilitokea. Waomani waliokuwapo waliipenda kofia hiyo, na wengine walikuwa tayari wanaijua kutokana na safari za wazee wao. Kilemba, ambacho huko huitwa massar, kilibaki vazi la heshima na la shughuli rasmi, na mara nyingi hufungwa juu ya kumma. Kumma yenyewe ikawa vazi la kila siku la mwanamume wa Kiomani, na sehemu ya sare ya mvulana wa skuli. Walioambiwa kwamba si Waomani wa kutosha walikuwa wanashona kichwa cha Uomani. Si lazima kudai kwamba kila mshonaji alilifikiri hilo. Lakini mwanamke ambaye lugha yake huchekwa dukani, na ambaye kofia yake hugombaniwa katika duka hilo hilo, hupata jibu ambalo halihitaji kutafsiriwa.

Je, elimu ya tiba ina neno la kusema juu ya mambo haya? Inalo, na la zamani kuliko inavyodhaniwa. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na sehemu yake ya pili aliitenga kwa ajili ya nafsi peke yake. Aliyagawa maradhi yake katika hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Msikilizaji atatambua kwamba hofu, huzuni na wasiwasi ni maneno yale yale ya Kiarabu ambayo Kiswahili kimeyarithi. Al-Balkhi alishauri kwamba kama mtu mwenye afya anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafla, vivyo hivyo azoeshe nafsi yake fikira njema wakati wa salama, ili azipate wakati wa dhiki. Karne kadhaa baadaye, mwaka 1488, hospitali ya Sultan Bayezid wa Pili ilifunguliwa mjini Edirne, katika dola ya Uthmaniya, na wagonjwa wa akili wakatibiwa humo kwa muziki pamoja na dawa.

Ulaya ililifikia jambo hili kwa njia ya vita. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi zaidi ya 130 waliojeruhiwa, kutoka Uingereza, Kanada, Australia na Afrika ya Kusini, walidarizi kitambaa cha madhabahu ya kanisa kuu la St Paul's mjini London, nacho kikatumika katika ibada ya shukrani ya mwaka 1919. Wanaume waliotoka mahandakini, mikono ikitetemeka, walipewa sindano na uzi wa hariri. Baadaye mchoraji Adrian Hill, aliyekuwa amelazwa kwa kifua kikuu na kujiponyesha kwa kuchora, alianza mwaka 1942 kutumia jina la tiba kwa sanaa. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha, katika skuli ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mafunzo ya kuzoesha akili kukaa katika wakati uliopo, akichota kutoka mapokeo ya Kibudha. Na mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha ripoti iliyokusanya tafiti zaidi ya 3,000, ikionyesha kwamba sanaa ina mchango katika kuzuia maradhi na katika kuwasaidia wagonjwa, ya mwili na ya akili.

Haya yote ni mema, lakini kuna hatari ya kuipamba kazi ya kofia kupita kiasi. Mwanamke wa Zanzibar au mwanamume wa Lamu anayeshona kwa kulipwa kwa kila kofia hashoni ili atulie. Anashona kwa sababu mchele umekwisha. Mchuuzi huja na bei yake, na faida kubwa hubaki kwa anayevuka nayo bahari. Macho huchoka mapema, shingo huuma, na kofia iliyokusudiwa kuwa faraja huwa deni. Utulivu anaousema Kabat-Zinn na ule anaoujua mshonaji wa Muscat unataka sharti moja ambalo vitabu hulipita upesi, nalo ni kwamba mtu awe na uwezo wa kuiweka chini kazi yake anapotaka. Mikono ile ile na mshono ule ule huweza kumtuliza huyu na kumnyonya yule.

Wala sindano si daktari. Wapo waliorudi na majeraha ambayo viua havikuyafikia, na kwa miaka mingi aibu iliwazuia kutafuta msaada, kwani ugonjwa wa akili ulihesabiwa kuwa ni jini au hasadi. Leo Muscat ina hospitali ya maradhi ya akili ya Al Masarra, na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa mwaka 1986 huko Al Khoudh, jirani na Rusayl, kina idara ya tiba ya tabia ambayo wataalamu wake wamechapisha tafiti nyingi kuhusu Waomani na afya ya nafsi. Anayepoteza usingizi kwa wiki nyingi au kuchoka na uhai anahitaji mlango huo, hata kama kibindoni ana sindano.

Kilichobadilika zaidi ni upande wa mashine. Katika masoko ya Muscat kofia iliyotiwa viua kwa mashine, iliyoletwa kutoka nchi za Asia, hupatikana kwa riali chache tu. Iliyoshonwa kwa mkono hufika makumi ya riali. Serikali iliunda mwaka 2003 mamlaka ya kazi za mikono ili kuwapa mafunzo na soko mafundi wa Kiomani, na mwaka 2020 shughuli zake zikaunganishwa na za mamlaka ya biashara ndogo na za kati. Msaada huo unaihifadhi kofia kama bidhaa ya urithi. Kama unaihifadhi pia kama kazi ya moyo ni suala jingine, maana bidhaa hupimwa kwa idadi ya kofia kwa mwezi, na faida ya pili haionekani katika hesabu hizo. Mjukuu anayefundishwa kutoboa tundu la kwanza hujifunza, bila kuambiwa, kukaa kimya na bibi yake kwa saa nzima. Hata hivyo wajukuu wengi wana simu mkononi, na wachache ndio wanaojua kukifunga kiua kisifumuke.

Pamoja na hayo, katika nyumba za wilaya ya Seeb, ambamo Kiswahili bado husikika baada ya sala ya alasiri, kazi hii haijafa. Wanawake waliokuja wakiwa wasichana katika miaka ya 1970 sasa ni mabibi. Nguo ya kofia huwekwa ndani ya mfuko mdogo pamoja na uzi, mkasi na miwani. Kahawa hupikwa, halua hukatwa, na mazungumzo huenda kwa Kiswahili chenye Kiarabu ndani yake, yakisimama kila mara mtu anapohesabu. Anayehesabu hasemeshwi. Wenzake humngoja afike mwisho wa safu, kisha habari huendelea pale ilipokuwa imeachwa, iwe ya harusi ya Mawalih au ya nyumba ya Mji Mkongwe iliyokwisha kuanguka.